Mchanga wa Lenta

Jumanne, 14 Aprili

Watu sita barazani kabla sijanywa chai. Wawili wanataka barua ya utambulisho. Mmoja mbuzi wa jirani kamlia mihogo, anataka diwani aamue, kana kwamba mbuzi naye alinipigia kura. Bibi mmoja hakuwa na shida yoyote, alikuja kuona kama kweli nimenunua makochi mapya. Sikununua. Kaondoka hana raha.

Mvua tangu alfajiri. Mhudumu wa halmashauri kaleta makabrasha ya Kamati ya Fedha, yamelowa pembeni. Nimeyaanika kitandani nikayasoma nimesimama. Ukurasa wa nne: viporo. Ndivyo tunavyoiita miradi tuliyorithishwa na baraza lililopita, kama wali wa jana. Soko halina paa. Machinjio hayana maji. Choo cha stendi kina milango minne na hakuna hata mmoja unaofunga. Na juu kabisa, namba moja, kwa wino mzito: umaliziaji wa boma la wodi ya wazazi, kuta zisizo na paa, kata yangu.

Hiyo ndiyo ahadi iliyonipa udiwani. Nilipanda juu ya pikapu nikasema wajawazito wa huku hawatapakiwa tena kwenye bodaboda kwenda hospitali ya wilaya. Wanawake walipiga vigelegele mpaka spika ikakoroma. Leo nimeona maandishi yale nikayasoma mara mbili. Nikafunga kabrasha, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi, 16 Aprili

Kamati. Saa tano za kukaa. Soda moja, sambusa mbili, ya pili ngumu.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Mbwana, hugonga meza kwa kalamu anapotaka jambo lipite. Leo kalamu imefanya kazi. Mkurugenzi kaeleza kwamba fedha za kumalizia maboma zimeletwa kutoka juu, ila hazitoshi, lazima halmashauri iongeze kutoka mapato yake. Zisipotumika hadi tarehe thelathini Juni zinarudi Hazina. Wimbo wa kila mwaka. Tunapewa mvua ikianza, tunanyang'anywa ikikatika.

Nyongeza itoke wapi? Nazi tunazitoza. Samaki tunawatoza. Mkaa, mbao, viroba vya machungwa, vyote vinatozwa. Afisa mapato akainua mkono akasema mwani. Mwani wa pwani yote hii unapita kizuizi cha ushuru bure. Wajumbe walifurahi kweli. Wakageuka kunitazama mimi, maana wanaolima mwani ni wanawake wa kwangu. Nikasema watalipa, wodi ni yao.

Nilijibu haraka mno. Kalamu ikagonga meza. Limepita.

Ijumaa, 17 Aprili

Acha niandike. Daftari hili halisomwi na mtu. Mume wangu alikuwa haligusi, na sasa hayupo. Watoto wako Dar, hawasomi hata ujumbe wa simu wa mama yao.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Boma lile tulilijenga kwa msaragambo. Kila nyumba ilitoa mtu. Matofali tulifyatua wenyewe, kokoto zilitoka Pongwe, mchanga wa mtoni ulikuja kwa lori. Kuta zikapanda vizuri, hakuna wa kuzisema. Ikabaki lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka jengo juu ya madirisha. Huo ndio unaobeba paa.

Siku ya kumwaga lenta lori halikuja. Kesho yake wakubwa walikuwa wanakuja kukagua, na kata jirani walikwisha kumwaga yao wakatutumia salamu za kejeli. Sikukubali kuaibika. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikawaita wanawake, kila mtu na ndoo yake, tukachota mchanga wa baharini.

Fundi Rajabu aligoma. Alisema mchanga wa pwani una chumvi na chumvi itakula nondo. Nikamwambia tutauosha. Tukauosha kweli, mara tatu, tunaimba. Kwa maji ya kisima cha msikitini. Kisima ambacho hatunywi maji yake wala hatupikii, kwa kuwa yana chumvi.

Si kwamba hatukujua. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Lakini ndoo zilikuwa zinapita, nyimbo zinaimbwa, na lenta ikamwagwa kabla ya magharibi. Wakubwa wakaja, wakasifu. Hela za kupaua hazikuja. Boma likakaa. Na mimi nikakaa na neno langu, tumeosha. Nimelitumia miaka tisa bila kulifua.

Sasa litapauliwa. Wanawake watalala chini ya lenta ile na watoto wa siku moja.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimekwenda peke yangu, nimevaa viatu vya mvua. Majani kiunoni. Ndani mbuzi, mavi ya mbuzi, na karatasi za kampeni zenye uso wangu.

Kuta ziko imara. Nimezigonga kwa ngumi, zinajibu. Lenta imetoa unga mweupe kuzunguka jengo zima. Nimeupangusa kwa kidole nikauonja. Chumvi, tena kali. Juu ya dirisha kubwa, upande ambapo vitanda vitapangwa, pana mstari wa rangi ya kutu urefu wa mkono. Nilipanda juu ya tofali nikaudokoa kwa ufunguo wa nyumba. Pande la zege likaniangukia kiganjani, ukubwa wa andazi. Ndani yake nondo. Nilipoigusa ilibanduka magamba.

Nimelitia pande lile kwenye mkoba. Naogopa. Sijaogopa hivi tangu siku ya kumzika mume wangu.

Jumapili, 26 Aprili

Ushongo, kumtafuta Fundi Rajabu. Barabara utelezi mtupu. Nimemkuta anajengea hoteli vibanda vya makuti, amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kupiga misumari. Aliniacha niseme yote.

"Mie n'likwambia, dada," akasema. "N'likwambia mbele ya watu."

Sikubisha. Nikamuuliza likipauliwa itakuwaje.

"Likae hivyo hivyo tupu, utaliona linavyokwenda. Ukilitwika paa ukalipiga na plasta, hulioni tena. Litaliwa ndani kwa ndani."

Nikamuuliza itachukua muda gani. Akatema pembeni, akasema huenda mwezi, huenda miaka kumi, chumvi haimuagi mtu. Kisha akaniuliza kama nimekula. Walikuwa na wali na nguru. Nimekula kidogo kwa heshima.

Jumanne, 5 Mei

Mkutano wa wakulima wa mwani, chini ya banda la kukaushia. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza ushuru. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa, nadhani. Wangekataa, halmashauri ingekosa nyongeza, mradi ungesuasua, Juni ingefika, fedha zingerudi, na mimi nisingehitaji kusema neno.

Hawakukataa. Aliyesimama ni Kibibi, mwenyekiti wao. Tumekua naye, tumechezwa unyago pamoja, na siku ile ya lenta ndoo yake ilikuwa mbele ya yangu. Akasema kama ushuru ni wa wodi basi watatoa, wameshatoa jasho, hawatashindwa na ushuru wa gunia. Wenzake wakaitikia. Alipokaa alinitazama. Muda mrefu, bila hasira. Sikuelewa mtazamo ule na bado sielewi.

Jumatano, 13 Mei

Mbao zimefika. Bati zimefika, za bluu. Lori limepita mbele ya nyumba yangu linapiga honi na watu wanashangilia. Nimepunga mkono. Mkono huu wa kupunga, siku moja nitaukata.

Jumatatu, 18 Mei

Nimekwenda ofisini kwa Mhandisi wa halmashauri. Anaitwa Elisante, Mpare, kijana mpole wa kanisa, anavaa suruali zilizopigwa pasi hata siku za tope. Nikafunga mlango, nikatoa lile pande, nikaliweka mezani juu ya michoro yake.

Aliliangalia tu. Hakuuliza limetoka wapi. Nikaanza, Mhandisi, ule mchanga wa lenta. Akaniinulia kiganja, taratibu kabisa.

"Mama, nakuomba. Usiniambie kitu ambacho siwezi kukiandika."

Akanieleza huku anaangalia dirishani. Mwezi wa tatu alisaini kwamba boma ni imara na linafaa kupauliwa. Alikagua kuta. Lenta hakuikagua, hakukuwa na ngazi na gari la idara lilikuwa linasubiriwa. Akiandika leo kwamba lenta ni mbovu, kazi inasimama, fedha zinarudi, wakaguzi wanakuja, na swali la kwanza ni nani alisaini. Swali la pili ni nani alileta mchanga. Ana watoto watatu na kahamishwa mara mbili. Alisema ataongeza nguzo mbili za mbao pale kwenye dirisha kubwa, kwa ndani, kisha zipakwe rangi zionekane za urembo.

Akanirudishia pande lile kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayempa mkubwa wake bilauri ya maji. Nimelitupa mtaroni nje ya ofisi. Najichukia. Yeye pia namchukia, ila simlaumu. Tofauti ipo.

Alhamisi, 21 Mei

Baraza la Madiwani, kikao cha wazi. Wananchi wamejaa nyuma. Kibibi na wenzake safu nzima, kanga za aina moja.

Niliapa njiani kwamba leo nasema. Nilikuwa nimepanga na maneno. Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hatujapitisha, kuna jambo la kiufundi. Hivyo tu, mlango ukishafunguka mengine yangefuata.

Ikafika zamu ya kata yangu. Mwenyekiti akasema kabla hajanipa nafasi anataka ukumbi uwapigie makofi akina mama wa mwani, mfano kwa kata zote, wamejenga kwa mikono na sasa wanamalizia kwa ushuru wao. Madiwani wakasimama wote. Hata yule diwani wa kata yenye machinjio ambaye hasimamagi. Wanawake kule nyuma wakainamisha vichwa, wameona haya. Makofi yakaendelea. Yalipokwisha nilikuwa nimesimama, kipaza sauti kimewaka, nimefungua mdomo.

Nikasema naunga mkono hoja.

Maneno matatu. Kalamu ikagonga.

Jumatano, 27 Mei

Idi. Nimepika pilau sufuria kubwa, nimegawa majirani. Wamenisifu, hakuna aliyejua kwamba sikuionja.

Jumamosi, 6 Juni

Paa limekaa. Kutoka barabarani linapendeza, ndiyo shida yake. Mafundi wanapiga plasta ndani, wako nyuma ya ratiba, wanafanya kazi hata Ijumaa. Nimekwenda kukagua, siku hizi nakagua kila siku mpaka wameanza kuniita msimamizi. Plasta ya jana juu ya dirisha kubwa imekwisha kutoa weupe. Fundi mkuu anasema ni unyevu wa masika, dawa yake ni rangi ya mafuta. Ikishapakwa haipitishi kitu.

Haipitishi kitu nje. Nilimkumbuka Rajabu na jicho lake la ukungu.

Jumanne, 16 Juni

Sista Agnes, muuguzi wa zahanati yetu, kanipigia simu asubuhi. Kasema Mheshimiwa, njoo kidogo, huku sauti ameishusha. Wodi mpya imejengwa mgongoni mwa zahanati ile ya zamani, amechungulia dirishani kwake akaona. Kipande cha plasta kimebanduka kutoka kwenye lenta, kirefu kama meza, kimeanguka juu ya sakafu ya vigae. Vigae vitatu vimepasuka. Hakukuwa na mtu. Mafundi walikuwa wanakunywa chai.

Nilipofika walikuwa wameshafagia. Kufikia saa saba walikuwa wameshaziba. Kufikia alasiri rangi ilikuwa imekauka, na kama hukuambiwa huwezi kuona. Nimemuuliza Sista anaonaje. Kasema yeye ameletwa hapa na serikali, atafanya kazi watakapomwambia afanye. Lakini kitanda cha kwanza kakisogeza, kilikuwa chini ya dirisha kubwa. Kakisogeza mwenyewe, peke yake, na ni kitanda cha chuma.

Jumatatu, 22 Juni

Vitanda vyote vimefika. Vinane. Sista kavipanga vyote katikati ya chumba kwa safu moja, mbali na kuta. Afisa kutoka halmashauri kaja akavirudisha ukutani, kasema kwa picha ndivyo inavyotakiwa.

Jumatatu, 29 Juni

Uzinduzi. Siku moja kabla ya fedha kugeuka nauli ya kurudi Hazina. Turubai, viti vya plastiki, kaseti ya kaswida na baadaye kwaya ya Kilutheri kutoka kwenye kambi za mkonge, maana mtu wa itifaki alisema pande zote ziguswe. Utepe. Mkasi haukukata, wakaupasua kwa mkono. Mkurugenzi akasoma gharama zote mpaka senti. Mwenyekiti akasema kiporo kimoja kimeliwa, bado sita. Watu wakacheka.

Nikaitwa niongoze wageni ndani. Nimepita chini ya lenta ile na watu wazima ishirini nyuma yangu, natembea haraka, nawaonyesha dirisha la upande wa pili. Hewa nzuri, nikasema, tazameni hewa. Jasho limenitoka mpaka kwenye soksi. Tulipotoka nje nilikaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona, kumbe ni cha Mkuu wa Wilaya. Nikaambiwa nihame.

Mhandisi Elisante alibaki barabarani kwenye gari muda wote.

Jumatano, 8 Julai

Siku tisa. Hakuna aliyejifungua pale. Hata mmoja.

Mwanzoni nilishukuru. Leo nimemuuliza Sista Agnes. Kafungua daftari la kliniki akanionyesha: wajawazito saba walitakiwa kuja katika siku hizi. Watano wamekwenda hospitali ya wilaya kwa bodaboda, wengine wiki nzima kabla, wamepanga vyumba huko. Wawili wamezalia majumbani kwa wakunga. Kawauliza, kila mmoja ana sababu yake. Mmoja mkwe wake yuko huko mjini. Mwingine kaota ndoto. Sista kasema amefanya kazi vituo vinne na hajapata kuona ndoto zinazokubaliana namna hii.

Alhamisi, 9 Julai

Nimemfuata Kibibi ufukweni, maji yamekupwa, yuko ndani mpaka magotini. Nikamuuliza waziwazi. Nani anawakataza wajawazito.

Akasema hajamkataza mtu. Kawaambia binti zake tu. Fatuma kawaambia wa kwake tu. Mwanaisha kamwambia mkwe wake tu. Hakuna mkutano uliofanyika.

Nikamuuliza wamejua lini.

"Mwanaidi, kwani weye wadhani maji ya kisima kile twayanywa?"

Mguu ulizama mchangani, ndala ikabaki. Akaniambia walikuwa wananitazama toka miaka ile wasikie nitasema nini. Nilivyosema tumeosha, nao wakasema tumeosha. Nilivyosema watalipa ushuru, wakalipa. Aibu ya mwenzio ukiiona huitangazi, ndivyo tulivyolelewa wote huku, na mimi mwenyewe nimewasitiri wengi kwa makubwa zaidi. Nao wakaniwekea sitara. Wakajenga, wakalipa, wakapiga vigelegele, na wakawaambia binti zao wasitie mguu.

Miaka tisa nilidhani ninawaficha wao. Kumbe wao ndio wananificha mimi.

Hakuwa na hasira hata chembe. Ningependa angekuwa nayo. Nimelia njia nzima mpaka nyumbani, mchana kweupe, na watu wananiamkia naitikia.

Jumamosi, 11 Julai

Saa mbili asubuhi simu ya Sista. Amekuja mmoja.

Nilijua kabla sijafika kwamba si wa kwetu. Anaitwa Neema, mke wa mkata mkonge, wametoka bara mwaka jana, wanaishi kambini kule juu. Mimba ya kwanza. Mumewe kamleta kwa baiskeli ya kuazima kisha kawahi zamu. Alisikia kwenye kwaya kwamba kuna wodi mpya. Hakuna aliyemwambia zaidi ya hilo. Kila mtu kawaambia binti zake, naye si binti wa mtu yeyote hapa.

Kachagua kitanda mwenyewe. Chini ya dirisha kubwa, kati ya zile nguzo mbili za urembo, penye upepo. Kavua kilemba, kakikunja vizuri juu ya mto, na alikuwa anaipapasa shuka kwa sababu ilikuwa mpya. Akaniambia shikamoo mama, ni pazuri sana hapa.

Nikaangalia juu. Rangi ya mafuta inang'aa, na katikati yake mstari mmoja mwembamba kama uzi, haukuwepo wiki iliyopita. Sista alisimama mlangoni na trei ya vifaa, ananitazama. Anangoja niseme. Yeye, Kibibi, Elisante, Rajabu, wote hawa miezi yote hii walikuwa wananingoja mimi.

Nikamwambia Neema. Mwanangu, chumba hiki si salama. Zege la juu lina mchanga wa baharini, nondo zake zimeliwa, na niliyeleta mchanga ni mimi.

Ndivyo nilivyolisema, kwa mtu nisiyemjua, aliyekuwa na uchungu. Sijui alielewa kiasi gani. Alinitazama, akatazama juu, akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Kisha akashuka kitandani mwenyewe, hakungoja kushikwa. Tukamtoa mimi huku, Sista huku, hatua kwa hatua, nikiwa nimemfunika kichwa kwa mkono wangu, mkono wa mwanamke mzee, ungezuia nini. Tukamlaza kwenye chumba cha sindano cha zahanati ya zamani, pana beseni chini linalokinga tone la paa.

Mtoto wa kike. Saa sita kasoro.

Wodi haikuanguka. Nimerudi kuiangalia mara mbili. Imesimama vile vile, nzuri, bluu juu, na kesho mtu yeyote anaweza kuniuliza nilikuwa naogopa nini.

Jumatatu, 13 Julai

Barua nimeipeleka mwenyewe kwa Mkurugenzi. Kurasa mbili. Nimeandika mchanga, kisima, lenta, na jina langu. Majina ya wanawake sikuyaandika. La Elisante pia sikuliandika, ingawa saini yake wataiona wenyewe. Karani wa masijala kagonga muhuri bila kusoma, kaiweka kwenye trei juu ya maombi ya viwanja. Nikamwomba aifikishe leo. Kasema Mkurugenzi yuko safari, atarudi Alhamisi na wageni wa mkoa wanaokuja kuiona wodi.

Sista Agnes kaifunga wodi kwa kufuli. Ufunguo wa pili uko halmashauri.

Nimeshuka ufukweni nimwambie Kibibi kabla hajasikia kwa wengine. Amekaa juu ya mkeka anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Nikamweleza barua yote. Hakuacha kufunga. Nikajua nimemvua sitara na yeye, na wote waliobeba ndoo, na kwamba hilo hatalisahau. Nikakaa ukingoni mwa mkeka. Akanisukumia ncha ya kamba. Vidole vyangu vimesahau kazi, mafundo yangu yalilegea, akawa anayafungua na kuyakaza upya bila kusema.

Maji yalipoanza kujaa akauliza jambo moja. Yule mgeni wa kambini alijifungua salama?

Nikasema salama, mtoto wa kike.

Akasema alhamdulillahi, akachukua kamba nyingine.